Bangili ya Nakunda

Kila mwanafunzi wa uuguzi alivaa bangili iliyopima kwa alama jinsi anavyoipenda kazi ya wodini. Asiyefika sitini kufikia Ijumaa alifukuzwa chuo. Ya Nakunda ilisoma hamsini na mbili, naye alikuwa hoi kwa zamu.

"Bibi, jifanye mgonjwa nikuuguze," alimwomba nyanya yake nyumbani.

Bibi Nambua akashika kiuno, akaguna weee! Bangili haikusogea.

"Imejua unaigiza, Bibi."

"Kumbe ina akili kuliko daktari! Ngoja nikupikie uji." Akainuka, goti likateguka, akaanguka akilia kweli. Nakunda akamrukia, akalishika goti kwa mikono miwili. Hamsini na nane. Hamsini na tisa.

"Bado moja tu, Bibi," akasema akitabasamu, macho kwenye bangili. "Usinyamaze."

Bibi akaendelea kulia, na sasa hakuwa analilia goti.