Mashine Inayokula Fyuzi

Fyuzi ilikuwa imeungua tena, nyeusi tii.

Juu ya ngazi, fundi aliishika kwa vidole viwili, akaigeuzageuza mwangani. Ndani ya miezi miwili alikuwa ameshatia fyuzi tatu mpya kwenye mashine hii ya joto na ubaridi. Kila akiondoka mashine inapuliza joto safi, watu wanapeana mikono. Siku mbili tatu, simu: "Fundi, imekata." Akija anakuta fyuzi imeungua, na zote zinaungua vilevile, utadhani mapacha.

"Shika, katupe," alisema, akaishusha kwa mkwe wa Mzee aliyekuwa chini ameshikilia ngazi.

Mkwe aliipokea. Kwa kweli huyu bwana alikuwa na moyo. Hakukosa hata mara moja. Ngazi anashika yeye, taka anatupa yeye, na kazi ikiisha anasema, "Nenda tu fundi, una wateja wengine. Kifuniko nitarudishia mimi."

Mzee mwenye nyumba alikuwa kwenye kochi, amevaa koti na kofia ya sufu ndani ya sebule yake mwenyewe. Mwalimu mkuu mstaafu, miaka thelathini na moja ya kugonga kengele, sasa amejikunyata kama mwanafunzi aliyechelewa. Mkewe alikuwa amehamia kwa binti yao tangu baridi ianze. Magoti yake na baridi havikai chumba kimoja. "Mashine ikipona nitarudi," alisema mlangoni, na mama yule akisema kitu amesema.

"Fundi," Mzee aliita, "nieleze bila kuzunguka. Inapona au haiponi? Maana mimi sina haja na mashine. Nina haja na mke wangu."

"Subiri kidogo, Mzee."

"Nimesubiri mpaka nimeanza kuzungumza na birika. Na jana lilinijibu."

Mkwe alicheka, kisha akamnong'oneza fundi kutoka chini. "Kaka, fanya kila uwezalo. Mama mkwe ameniteka! Nikirudi kazini tu, 'Mwanangu kaa, umechoka.' Sahani haijaisha, nyingine hiyo. Unamkataliaje mama mkwe? Mke wangu akifungua mdomo anisute, mama anamkatiza: 'Mwache mwenzio apumue!' Mashati ananinyooshea mwenyewe. Nyumba si yangu tena, kaka."

Fundi alimwonea huruma. Shati la mkwe lilikuwa na mkunjo wa kukatia mkate, na mkanda wake ulikuwa umesogea matundu mawili. Kuna watu mawazo huwakondesha, fundi alijisemea, na kuna watu huwanenepesha.

Alishuka, akajifuta mikono, akakaa mbele ya Mzee kama daktari mwenye majibu.

"Mzee, fyuzi ninaweza kutia hata mia. Lakini kuna kitu humo ndani kinazila, nami sikioni. Nimepima nyaya, nimepima mota, kila kitu kinaniambia hakijambo. Mashine ina miaka kumi na sita. Ya kwangu ningeing'oa, niweke mpya."

"Mpya inakuja lini?"

"Ya saizi hii inaagizwa. Wiki sita, wakiwahi."

"Wiki sita!" Mkwe alijishika kichwa. Alivuta pumzi ndefu, akamwekea Mzee mkono begani. "Basi Baba, tutafanyaje? Ing'olewe, tuagize mpya. Sisi tutavumilia. Mama kwetu si mzigo, akae tu kwa raha zake."

Mzee alitazama upande wa kochi palipokuwa na shimo dogo la mtu mwingine, mtu ambaye hakuwepo. Kisha akainuka, akaingia chumbani. Wakasikia droo zinafunguliwa na kufungwa, moja baada ya nyingine. Alipotoka alikuwa na begi.

"Isitengenezwe, wala isinunuliwe," alitangaza kwa sauti ile ya mistarini asubuhi. "Mwenzangu hawezi kuifuata baridi, basi mimi ninalifuata joto. Ninahamia kwako, mwanangu."

Mkwe alipepesa macho. "Kwa... kwa siku ngapi, Baba?"

"Siku ngapi! Mtu anahesabiwa siku kwa mwanawe?"

"Hapana Baba, ni chumba tu. Ni kidogo."

"Sikufuata chumba, nimemfuata mke wangu. Tena nitawafaa. Nyie mnalala mpaka jua linawachungulia dirishani. Kuanzia kesho saa kumi na moja alfajiri wote uani, mazoezi ya viungo. Kisha nakusomea gazeti, unanipa muhtasari." Alimshushia mkwe macho taratibu, kutoka kola mpaka kwenye mkanda. "Na hicho kitambi niachie mimi. Mama yenu ananijua, nikiwa mezani hakuna sahani ya pili. Fundi, fungasha vifaa vyako. Wewe mwanangu, nishikie begi."

Mkwe hakushika begi. Alisimama pale akisikiliza viatu vya Mzee vikielekea jikoni kuzima jiko. Mara akamvuta fundi kwa kiwiko mpaka nyuma ya ngazi, akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa fyuzi tatu zinazong'aa na kumimina zote kwenye kiganja cha fundi.

"Tia yoyote kati ya hizo zako, kaka, upesi," alinong'ona. "Zote zilikuwa zinafanya kazi vizuri."