Kidogo Kisichouma

Alphonsine, muuguzi wa dispensari moja ya Kalemie, mji wa Zaire kando ya Ziwa Tanganyika, alibonyeza uvimbe begani mwa mama muuza ndagaa. Ulikuwa mkubwa kama yai la bata, laini, na ulitelezateleza chini ya kidole. Mwaka ule wa 1992 hakuwa na kingine cha kupimia ila vidole vyake.

“Hii ni mafuta tu, Mama. Haina neno.”

Yule mama akashusha pumzi. Miezi sita alikuwa ameuficha uvimbe ule chini ya kitenge, hata kanisani. Akacheka kidogo, akainua mkono ili avae blauzi yake.

Hapo Alphonsine akaona ngozi ya titi ikiingia ndani, kama imevutwa na uzi. Akaigusa. Palikuwa na kitu kidogo kama punje ya hindi, kigumu. Akakisukuma, lakini hakikusogea.

“Na hii?”

“Ile kadogo? Haiumi, Mama. Iko tangu mwaka jana.”

Daktari wa kupasua alikuwa Lubumbashi, na treni haikuwa imeondoka tangu Pasaka. Alphonsine angeweza kusema kuwa hicho kidogo nacho ni mafuta, na mama angerudi sokoni akicheka.

“Ikaa kwanza, Mama,” alisema. “Ile kubwa si kitu. Hii kadogo njo mubaya. Haiumi, haitembei. Inaomba daktari, upesi.”

Mama alifunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja, mpaka shingoni.

“Mutoto wangu anaolewa Jumamosi,” alisema. “Usiambie muntu.”

Akajitwika beseni lake la ndagaa, akatoka.