Msaliti wa Akalla

Deusdedit alilia kwa sauti kuliko wote, na hicho ndicho kilichomtia aibu zaidi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mechi ya mwisho katika uwanja wa mtaa wa Akalla. Kråkan, timu ya kulipwa ambayo yeye na wenzake waliishabikia tangu walipofika Stockholm wakiwa wanafunzi, ilikuwa inahama. Uwanja mpya ulikuwa ukijengwa ng'ambo ya mpaka wa mkoa, huko Uppsala, mwendo wa saa moja na nusu kwa treni na basi. Huu wa zamani ungebomolewa, pajengwe maghorofa.

"Basi, Deus, nyamaza," alisema Okech, Mkenya aliyekuwa mwenyekiti wa tawi lao la wanachama, akimpigapiga mgongoni. "Sisi tulipigana. Watu thelathini na wanane wa Akalla, hakuna aliyeyumba. Ni wale jamaa wa tawi la Hagsätra waliotuuza."

Deusdedit akaitikia kwa kichwa.

Wiki tatu kabla ya wanachama kupiga kura ya kubaki au kuhama, Leokadia mkewe akiwa kazini, mwanamke wa kampuni ya ujenzi aliyejiita Diane alimbishia hodi. Alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kochi ambalo binti yao Anitha hulalia, akayatazama magodoro ya wajukuu yaliyoegemezwa ukutani. Hakusema neno kuyahusu. Alisema tu kwamba timu ikihama, katika maghorofa yale kutakuwa na nyumba ya vyumba vitatu isiyopitia foleni ya jiji ya kungojea nyumba za kupanga.

"Ni moja tu," alisema Diane. "Kwa hiyo naomba ibaki siri yetu."

Anitha alikuwa mwaka wa tisa kwenye foleni hiyo.

Kura ilikuwa ya siri, kila tawi na sanduku lake. Deusdedit aliingia kibandani na skafu ya timu shingoni, akaweka alama penye "kuhama", akatoka nje kuimba na wenzake nyimbo za kupinga. Ilitangazwa jumla ya matawi yote tu, na timu ikahamishwa kwa tofauti ya kura kumi na moja. Nyumbani, Leokadia, naye mwanachama, hakumwuliza alipigaje. Deusdedit hakumwuliza yeye pia. Walikula wali wao, kila mmoja akiitazama sahani yake.

Hayo angeweza kuyameza. Lakini alikuwapo Khalfan.

Khalfan alikuwa Mzanzibari wa tawi la Hagsätra, rafiki yake tangu darasa la kujifunza Kiswidi. Leokadia alipofanyiwa upasuaji, Khalfan ndiye aliyewaendesha hospitali kila asubuhi kwa wiki sita, akikataa hata kunywa chai. Sasa watu wa Akalla hawakuitikia salamu yake. Juzi, kwenye kituo cha treni, Herménégilde, Mrundi mpiga ngoma wa tawi, alitema mate karibu na miguu yake. Deusdedit alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Alitoa simu, akajifanya anasoma ujumbe.

Mechi ilipokwisha walikusanyika katika chumba cha tawi kunywa kahawa ya mwisho. Mlango ukafunguliwa, Khalfan akaingia na bahasha mkononi.

"Habari za mchana," alisema.

Watu wakageukia vikombe vyao.

"Nimetoka ofisi ya klabu. Nimeomba matokeo ya kila tawi, wamenipa." Akaiweka bahasha mezani, katikati ya vikombe. "Someni. Halafu mniambie msaliti ni nani."

Okech hakunyoosha mkono. "Toka, Khalfan. Hatuna haja na karatasi zako."

Sauti yake ilitetemeka. Herménégilde aliinama kufunga kamba za viatu. Leokadia alikuwa akikoroga kahawa iliyokwisha kupoa. Bahasha ilikaa pale pale, hakuna aliyeigusa.

Khalfan aliwatazama mmoja mmoja, na macho yake yalipomfikia Deusdedit hayakuwa na hasira yoyote. Hapo Deusdedit akaona hawezi tena. Akasimama.

"Mwacheni Khalfan," alisema. "Hagsätra hawana kosa. Ni mimi."

Aliwaeleza yote: Diane, nyumba ya vyumba vitatu, Anitha na watoto. Alizungumza akitazama sakafu.

"Niliahidiwa, nikakubali. Kisha nikasimama nanyi nikilia kama mfiwa. Mlipomtukana ndugu yangu huyu nikanyamaza, maana nilijua matusi yale ni yangu. Kama ni kutemewa mate, nitemeeni mimi."

Akangoja. Alitegemea tusi, au kikombe kirushwe. Okech, aliyekuwa amesimama muda wote, alijishusha kitini taratibu kama mzee. Leokadia alikuwa amejifunika uso kwa skafu, mabega yakimtikisika, na Deusdedit akatamani ardhi immeze kwa jinsi alivyomfedhehesha mkewe mbele za watu.

"Kaka Deus," alisema Khalfan kwa upole. "Peke yako?"

"Peke yangu. Hawa wenzangu hawana hatia."

Khalfan akaifungua bahasha mwenyewe, akamshikisha karatasi. Deusdedit akavaa miwani, akasoma.

Tawi la Hagsätra: kubaki 41, kuhama 0.

Tawi la Akalla: kubaki 0, kuhama 38.