Baraza ya Watu Watatu

Tangu fleti ndefu za enzi za ujamaa zikarabatiwe, baraza ya chini ya ngazi ina adabu zake: wakikaa watatu inatulia, akikaa wa nne inazama taratibu mpaka ardhini. Wasanifu walisema inalinda utulivu wa mji. Bi Zuwena na wenzake watatu, waliokunywa kahawa hapo tangu wakiwa maharusi, sasa husimama kwa zamu, na mazungumzo hukatika kabla hayajafika kwenye mambo ya wakubwa wa serikali.

Juzi Zuwena alichoka. "Kesho njooni kwangu ndani," akawaambia. "Nina mkeka wa marehemu mama. Huo hauhesabu watu."

Wakaja. Wawili wakakaa naye mkekani. Bi Mgeni, wa nne wao, akabaki ameegemea mlango.

"Kaa, shoga yangu. Unaogopa nini?"

Bi Mgeni akainama, akasita, akainuka tena. "Magoti yamekataa, Zuwena. Wallahi si mimi."

Zuwena akasonya. Watu wengine woga umewaingia mpaka kwenye mifupa! Akavuta sinia ili ammiminie yeye kwanza, mkono ukabaki hewani.

Sinia aliliandaa mwenyewe asubuhi, huku akiimba. Lilikuwa na vikombe vitatu.