Bango la Asilimia Mia

Mkuu wa chuo hakumung'unya maneno. Mama Pacha asipojitoa mwenyewe leo, kesho atafeli mtihani wa bodi ya wahasibu na kukichafulia chuo jina. "Mwambie wewe, mwalimu. Wewe anakusikiliza."

Sasa Mama Pacha alisimama mbele ya meza ya mwalimu wake, ameshika kikokotoo kilichofungwa kwa mpira wa nywele ili betri zisidondoke.

"Nimeitwa, mwalimu. Kwema?"

Nje ya dirisha, fundi wa mabango alikuwa juu ya ngazi pale getini, akipaka rangi nyekundu: MTIHANI WA BODI, TUNAFAULISHA ASILIMIA 100. Sifuri ya mwisho ilikuwa bado nusu.

"Majaribio ya mtihani yalikwendaje?"

"La kwanza niliangukia pua. Hili la juzi, nusura nipite." Alicheka. "Mbona unaniangalia hivyo?"

Kidole cha Mama Pacha kiliuvuta ule mpira wa kikokotoo, kikauachia, kikauvuta tena.

Mwalimu aliinuka, akafungua dirisha.

"Fundi!" akaita, kwa sauti ya kufika mpaka ofisini kwa mkuu. "Hebu shuka kwanza. Hiyo sifuri iache. Kesho Mama Pacha anafanya mtihani."