Picha za Kujaribia

Uvumi ulimfikia Julienne ukimbizini, sokoni Mengo, ukamganda rohoni: kuna mtu anamtafuta aliyetengeneza ile programu ya slaidi.

Programu ilikuwa ya binti yake. Unaionyesha sura ya mtu, yenyewe inatafuta picha zake zote na kuzipanga. Alipoijaribu, binti alitia humo picha za siku waliyokimbia Kongo, akasahau kuzitoa. Jumamosi, kwenye arusi huko Lubaga, wateja walioinunua walitaka slaidi za kumsifu mjomba wa bwana arusi. Ukutani, mbele ya wageni wote, mjomba akatokea ameshika panga, nyuma yake nyumba inawaka.

Sasa mjomba huyo alikuwa mlangoni kwa Julienne, nyundo mkononi.

"Mama, nani hapa anatengeneza mambo ya kompyuta?"

Nyuma ya pazia, binti aliacha kubofya.

"Ni mimi," Julienne akasema.

Mtu yule akacheka. "Wewe? Na hiyo mikono ya kukaanga sambusa?"

"Mimi, baba. Nimeitengeneza mimi."

Mtu yule akaingia, akamshika mkono, akautandaza mezani. Julienne aliuona unga wa ngano chini ya kucha zake. Nyundo ikashuka. Mfupa ukalia, damu ikauloanisha ule unga. Julienne aliuma kanga asipige kelele.

"Lete wa pili," mtu yule akasema.

Wazazi, waambieni watoto:

Wasijaribie kazi kwa picha za nyumbani.
Wasiiachie kompyuta itafute sura za watu.
Wasimwambie mteja wanakokaa.
Wasitoke nyuma ya pazia, hata wakimsikia mama.