Nafasi ya Bure Kando ya Msitu

Magdalene alikanyaga breki. Uwanja wake wa siri, ardhi ya umma kando ya msitu nje kidogo ya Longbridge, ulikuwa umejaa magari ya watu wa kanisa lake.

Majira yote ya baridi alizunguka na gari lake la kulala akifukuzwa huku na kule, hadi akapapata hapa, bure, bila wa kumwuliza. Jumapili iliyopita akasimama kanisani kutoa ushuhuda: Mungu amenipa mahali. Kwa furaha akaeleza hadi njia ya kufika.

Mdomo uliponza kichwa.

Pale alipozoea kuegesha, kwenye majani yaliyolazwa na magurudumu yake, sasa palikuwa na jiko la makaa. Mafuta ya mbuzi yalichuruzika majanini.

Mchungaji akagonga kioo, mfupa mkononi. Magdalene akakishusha.

“Bwana asifiwe, dada. Egesha kule barabarani, hapa tunaweka hema.”

“Hapa nimepatafuta mimi, Pasta.”

“Lakini dada, hii ni ardhi ya umma.”

Magdalene akapandisha kioo taratibu. Akatia gia, macho na usukani vikielekea lile jiko.